Wimbo nao una viza: historia ya kununua muziki ng'ambo

Nilikuwa kimya kwa sababu ya ripoti ya TP na majaribio yaliyofuatana kama daladala za asubuhi, sasa nimerudi. Leo sizungumzii maji kukatika hosteli wala foleni ya kantini. Leo ni historia, somo langu, ila historia ya kitu ambacho hakimo kwenye silabasi yoyote niliyofundishwa: mtu wa huku kwetu akitaka kununua wimbo, anaununua wapi, kwa pesa gani, na nani anamruhusu.

Nimeamua kuiandika kwa sababu kuna kauli nimeichoka. Kila semina ya utandawazi lazima atokee mwenzetu mmoja aseme intaneti imefuta mipaka. Anayesema hivyo hajawahi kujaribu kununua albamu.

Nianze na ninachosikiliza, mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Mimi ni mtu wa dansi la zamani. Chumbani wananiita bibi, na sijali. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, Les Wanyika, Maquis Original. Halafu taarab ya Mombasa, Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, hiyo nimeirithi kwa mama mzazi. Bongo Fleva ya mwanzoni pia naipenda. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ilitoka 2001, mimi bado sijazaliwa, lakini naijua yote. Cesária Évora wa Cabo Verde, ambaye sielewi hata neno lake moja. Na singeli, usishangae, kwa sababu nakaa Mabibo na huwezi kukaa Mabibo ukaikwepa singeli.

Sasa ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la historia, karibu kila kilichomo kimevuka mpaka ndipo kikauzwa. Kimetungwa hapa, kikarekodiwa pale, kikafyatuliwa kwingine, kikanunuliwa na mtu wa nne. Na hili si la juzi.

Tuanze na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja. Wengi tunamjua kupitia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert tuliousoma sekondari, lakini tukiusoma tunakimbilia maadili na fani na maudhui, tunaruka biashara. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza bwana wake. Kabla ya hapo mwenye gramafoni Unguja alinunua zaidi sahani za Misri na za Kihindi. Siti akaja na Kiswahili, na santuri zile zikauzwa pwani nzima na bara. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Fumba alivuka Bahari ya Hindi, akaimba Bombay kwa ajili ya kampuni ya Uingereza, ndipo mtu wa Ng'ambo pale pale Unguja akaweza kumnunua. Bidhaa ilisafiri maelfu ya maili ili imfikie jirani. Shikilieni hiyo picha, maana nitaitumia sana.

Baada ya Vita vya Pili kitovu kikahamia Nairobi. Huko ndiko kulikokuwa na studio, na kuanzia miaka ya 1950 kukawa na kiwanda cha kufyatua santuri. Tanganyika hatukuwa na kiwanda. Tulipopata uhuru, na hasa baada ya redio kuwa ya serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, studio ya RTD ndiyo ikawa studio ya taifa. Bendi zilirekodi pale, nyimbo zikapigwa hewani, nchi nzima ikaimba. Lakini kuusikia wimbo redioni ni kitu kimoja, kuingia dukani ukatoka nao ni kingine. Ukitaka santuri ya bendi ya Morogoro, hiyo santuri ilikuwa imefyatuliwa Nairobi.

Ndiyo maana wanamuziki wetu wengi walielekea kaskazini. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamia Kenya mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika, na mwaka 1978 ndani ya tumbo la Simba Wanyika ikazaliwa Les Wanyika. Muulize Mkenya yeyote wa umri wa wazazi wetu, atakuambia hiyo ni bendi ya Kenya. Muulize Mtanga, utasikia jibu jingine kwa sauti ya juu kidogo. Mimi nasema wote wana haki.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hili tunalifundisha kwa sababu zake tano na athari zake tano, mwanafunzi anakariri: ndege, reli, bandari, posta. Muziki hautajwi kabisa. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, kutoka 1977 mpaka 1983, kiwanda kilibaki upande mmoja na bendi upande mwingine. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, mpaka bado umefungwa, akiwa kwenye ziara ya kuwapigia Wakenya. Mtu wa Morogoro, aliyekwenda mpaka Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70 kuipigia nchi yake, amefia kwenye soko lake kubwa, ambalo kisheria nchi yake ilikuwa imeufunga mlango wake. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo.

Kaseti ndiyo iliyokuja kuvunja utaratibu. Santuri inahitaji kiwanda, kaseti inahitaji mashine mbili na waya. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio, duka lililorekodi taarab na kuiuza kwa kaseti, na kaseti hizo hazikungoja mkataba wa mtu. Zilisafiri ndani ya mabegi ya watu: Unguja, Dar, Muscat, Dubai, kila mahali penye mtu anayeielewa taarab ya Kimvita. Mama anasema nyumbani kwao kaseti ya harusi ilikuwa zawadi kubwa kuliko kanga. Upande wa pili wa shilingi tunaujua: mtu yeyote mwenye mashine mbili akawa msambazaji, na mwimbaji akabaki na jina tu. Tanzania ilipata sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 1999, wakati kaseti za kudurufu zimeshajaa kila soko.

Sasa tuje kwenye dijitali, maana najua kuna waliokuwa wanasubiri hapa.

Aprili 28, 2003 Apple walifungua duka lao la iTunes Marekani: nyimbo 200,000, senti 99 kila mmoja. Katika wiki ya kwanza waliuza nyimbo milioni moja. Mpaka wakati huo watu walikuwa wanapakua bure kwa njia za panya, na makampuni ya muziki yalikuwa yakilia. Duka likaonyesha kwamba mtu yuko tayari kulipa, mradi iwe rahisi. Sawa. Ila duka lilikuwa la Marekani tu, na mlinzi wake mlangoni alikuwa kadi ya benki. Hakuangalia umekaa wapi, aliangalia kadi yako imetolewa nchi gani. Mwanafunzi Mmarekani akiwa Mlimani angeweza kununua. Mtanzania akiwa New York na kadi ya Dar, hapana.

Juni 2004 wakafungua Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Hapa ndipo pananifurahisha, maana wazungu wenyewe kwa wenyewe walikutana na mpaka. Ufaransa wimbo ni senti 99 za euro. Uingereza ni peni 79, ambazo kwa wakati ule ni kama euro 1.20. Wimbo ule ule, kampuni ile ile, Umoja wa Ulaya ule ule unaojisifu soko moja. Mwingereza akijaribu kununua duka la Ufaransa, anaambiwa kadi yako si ya hapa. Chama cha watumiaji cha Uingereza kikalalamika mwaka huo huo, na Aprili 2007 Kamisheni ya Ulaya ikaiandikia rasmi Apple pamoja na makampuni makubwa ya muziki kuwashtakia jambo hilo. Januari 2008 Apple wakaahidi kushusha bei ya Uingereza ilingane na ya wenzao ndani ya miezi sita. Angalia lakini: walisawazisha bei, ukuta wenyewe hawakuubomoa.

Kwa nini ukuta upo? Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwa kifupi. Ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili: utunzi, yaani maneno na tuni, na rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku ile. Kila moja ina mwenyewe. Na mwenyewe huyo hauzi ruhusa ya dunia nzima kwa mkupuo, anauza nchi kwa nchi, kama shamba lililokatwa viwanja. Ruhusa ya Ujerumani imeshikwa na huyu, ya Japani na yule, ya Afrika Mashariki mara nyingi haijashikwa na yeyote kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuiomba. Kwa hiyo duka likikuambia wimbo haupatikani nchini kwako, aghalabu hakuna aliyekuchukia. Umesahauliwa tu, na kwa maoni yangu hiyo ni mbaya zaidi.

Kulikuwa na kufuli pia. Wimbo wa iTunes wa zama zile ulifunguka kwenye idadi maalumu tu ya kompyuta, na vichezeo vya kampuni nyingine haukuvijali. Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akisema kufuli hizo ni matakwa ya makampuni ya muziki. EMI wakakubali kuziondoa mwaka huo huo, na Januari 2009 ikatangazwa kwamba duka zima litauza nyimbo zisizo na kufuli, huku bei ikigawanywa ngazi tatu: senti 69, senti 99 na dola 1.29.

Na Warusi nao! Kulikuwa na duka liitwalo AllOfMP3, la Moscow, lililouza muziki kwa uzito, kwa megabaiti, kama mchele. Albamu nzima ulipata kwa bei ya soda mbili. Wenyewe walisema wana leseni kutoka shirika la Urusi na sheria ya Urusi inaruhusu. Makampuni ya Marekani na Uingereza yakasema huo ni wizi. Jambo likakua mpaka likaingia kwenye mazungumzo ya Urusi kutaka kuingia Shirika la Biashara Duniani. Julai 2007 duka likafungwa, na Agosti mwaka huo mahakama ya Moscow ikamwachia huru aliyekuwa mkuu wake. Fikiria: nchi kubwa kuliko zote duniani inaambiwa mlango wa biashara ya dunia una uhusiano na duka la nyimbo. Nikiandika tasnifu siku moja, sura hiyo nitaitafuna polepole.

Sisi Afrika tulikuwa wapi miaka hiyo yote? Nje ya mlango. Duka la muziki la iTunes lilifika Afrika Kusini Desemba 2012, miaka tisa na zaidi baada ya Marekani. Katikati hapo, wajanja walinunua kadi za zawadi za Marekani kwa njia za mkononi, wakajiandikisha kwa anwani za kubuni za Florida. Walio wengi walikwenda kwa kijana wa kibanda, wakatoa memori kadi, wakajaziwa. Ladha zetu zililelewa na vibanda hivyo, tuseme ukweli.

Tulipoanza kufunguliwa, mlango ulikuwa umeshabadilika: hakuna tena kununua, kuna kukodi. Apple Music ilianza Juni 2015 katika nchi zaidi ya 100. Tanzania tukaingizwa Aprili 2020. Spotify ilianza Ulaya 2008, ikafika Afrika Kusini 2018, na sisi, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tukatangazwa pamoja Februari 2021. Boomplay ilikuwa imetutangulia, imeanza Nigeria 2015 ikija ndani ya simu za Tecno. Mdundo ya Nairobi, ambayo iliona mapema kwamba mtu wa bando la siku anataka kupakua na si kustrimu, mwaka 2020 iliandikisha hisa zake Copenhagen. Ndiyo, Copenhagen. Ya Siti na Bombay hayo, yamebadilisha bandari tu.

Mimi sipendi kukodi. Nalipia mwezi, bumu likichelewa muziki unakatika. Tena mwenye haki akigombana na kampuni, wimbo unatoweka usiku mmoja. Mwalimu hawezi kuandaa somo kwa kitu kinachoweza kutoweka. Na hili nalisema kwa sababu maalumu.

Kwenye TP nilipangiwa sekondari moja wilayani Kilosa, kidato cha nne, mada ya mabadiliko baada ya uhuru. Nikataka wasikie dansi la miaka ya 1970, si kusoma tu kwamba kulikuwa na bendi. Tupo Mkoa wa Morogoro jamani, kwa Mbaraka mwenyewe! Nikasema nitanunua kwa halali, maana siwezi kufundisha uraia saa mbili nikacheza wimbo wa wizi saa nne. Kuna mkusanyo mmoja wa dansi ya zamani, umetolewa Ulaya. Duka la kwanza la mtandaoni likanionjesha sekunde 30 za kila wimbo, nikibonyeza bei, naambiwa nchini kwako hapana. Nikampigia kaka yangu Muscat, anafanya kazi huko. Akaangalia duka lile lile kwa akaunti ya Oman.

"Mdogo wangu, albamu ipo, ila nyimbo mbili hazibonyezeki."

Mbili zenyewe, bila shaka, ndizo nilizozitaka. Binamu yetu Minneapolis akaziona zote, bei ndogo tu, lakini akaunti ni yake na masharti yanasema ni za matumizi yake. Familia moja, nchi tatu, duka moja, rafu tatu tofauti.

Mwishoni nilinunua kwenye ukurasa wa lebo yenyewe, kwa kadi pepe ya kampuni ya simu, euro 10. Ikawa zaidi ya shilingi 25,000. Hela yetu ya chakula na malazi ya bumu ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo nilikula siku mbili na nusu za Mbaraka na wenzake. Sijutii.

Nikapiga darasani kwa spika ndogo. Mwanzoni walicheka, wa nyuma wakajifanya wanacheza kizee. Gitaa la solo lilipoingia wakatulia. Kijana mmoja, ambaye wiki tatu hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha mkono: "Madam, hii inapatikana wapi?" Alisema babu yake alikuwa nayo, kaseti ikaliwa na redio. Sasa nimjibu nini? Kwamba inapatikana Ulaya, kwa euro, kwa kadi? Nikamwambia ukweli wote, na kipindi kikawa cha hakimiliki badala ya Azimio la Arusha. Mwalimu msimamizi alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Alama alizonipa ni siri yangu.

Jumamosi nikapita stendi. Kibanda cha kuingiza nyimbo, kijana ana kompyuta chakavu, shilingi 1,000 anakujazia flashi. Nikauliza kama ana zilipendwa. Alikuwa nazo, na miongoni mwake zile mbili, zikiwa na mikwaruzo ya santuri, majina yameandikwa vibaya, mwimbaji ameandikwa "mbalaka". Rekodi safi iko Ulaya na leseni yake, yenye mikwaruzo iko stendi bila leseni, na mwanafunzi wangu anaweza kuifikia moja tu. Sikuinunua. Sikumlaumu pia, na yule mwanafunzi akienda pale kesho sitamuuliza.

Namalizia na singeli, kabla umeme haujakatika. Studio ya Sisso iko Mburahati. Kutoka hosteli yetu ya Mabibo unatembea kwa miguu. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, ikafuata Poaa ya Bamba Pana 2018 na Tatizo Pesa ya Jay Mitta 2019. Zinauzwa Bandcamp, kampuni ya Marekani, na hapo hawaniulizi kwetu ni wapi. Ukilipa unapewa faili lako, lako kabisa, bila kufuli. Wanunuzi wengine wako Berlin na London, na kule vijana wa Mburahati wamepiga kwenye matamasha makubwa.

Wiki iliyopita nilinunua mmoja. Pesa ikatoka kwenye simu yangu, ikageuka dola, ikapita Marekani kuelekea Kampala, faili likashuka hapa kitandani Mabibo. Dirisha lilikuwa wazi, na kuna sherehe ilikuwa inaendelea upande wa Mburahati, spika zimepangwa mpaka barabarani. Nikashindwa kuusikia wimbo wangu. Nilivaa visikia-sauti vya mwenzangu ndipo nikausikiliza mpaka mwisho.